Jodari wa Kufunga Msimu

Mtu mmoja aliachiwa na mama yake mgahawa wa samaki, karibu na ufuo, pale ambapo barabara ya lami inakwisha na mchanga unaanza. Haukuwa mgahawa wa mwaka mzima. Ulifunguliwa bahari ikitulia na wageni wakianza kushuka, na masika yakikaribia ulifungwa, makuti yakateremshwa, mabenchi yakapandishwa moja juu ya jingine, na watu wa pale wakarudi kula ugali na mchicha majumbani mwao kama sisi wengine. Ulikuwa wa siku nyingi. Waliowahi kupakatwa pale na mama zao sasa walikuja na wajukuu. Mtu huyo aliitwa Shekue.

Nyie mnaosukumana pale mlangoni, tulieni. Hili nitalisema mara moja.

Mama yake Shekue, Bi Mwatime, ndiye aliyeuanzisha mgahawa ule, na aliuanzisha kwa desturi. Kila siku, kabla mgeni hajapewa hata tonge, alipakua mwenyewe kutoka kwenye sufuria ile ile ya watu wote, akasimama mbele ya mabenchi, akala. Kisha akanawa, akaketi, akangoja. Hakungoja sana, kiasi cha chai kuchemka. Lakini alingoja, na wageni wakangoja naye, na hata bwana mkubwa akija na gari la serikali alingoja. Bi Mwatime alisema ulimi unaweza kudanganyika, ila mwili ukipewa nafasi utasema. Akiona mwili wake umetulia, ndipo aliposema karibuni.

Katika maisha yake yote hakuna aliyetoka pale akishika tumbo. Zilikuwapo siku chache alikula, akangoja, akainuka akawaambia watu leo hakuna chakula, mtanisamehe. Walinung'unika, wakaenda zao. Kesho yake walirudi, tena wakaleta na majirani.

Bi Mwatime akafa, Mungu amrehemu. Akaacha watoto wawili: Shekue, akawa mwenye nyumba, na dada yake Siwema, akabaki jikoni alikokuwa tangu ujana. Na desturi ikabaki.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyobaki. Wala sisemi Shekue alikuwa mtu mbaya. Ningesema hivyo mngefurahi, maana kila mmoja wenu angejua si yeye.

Kwanza aliondoa kule kungoja. Wageni wa mjini walikuja na madereva, na dereva akishapiga honi, nani atakaa kumtazama mtu ananawa? Akawa anakula na papo hapo anasema karibuni. Msimu mwingine akachoka kula pweza na ngisi kila siku ya Mungu, akawa anamega kidogo tu, kipande cha ukubwa wa kucha. Baadaye hata hicho kikamshinda, akamwajiri mtu wa kula badala yake. Huyo aliitwa Pandu, mtu mnene, mcheshi, mwenye kipaji. Pandu akila alifumba macho, akalamba vidole kimoja kimoja, akatikisa kichwa kama mtu aliyesamehewa deni, na wageni wakapiga makofi. Walimpenda. Wengine walikuja kwa ajili yake.

Halafu Pandu naye akasema wakati wageni wanapoketi sufuria kubwa huwa haijaiva. Basi akawekewa jiko dogo pembeni, na samaki wake peke yake, changu mbichi, aliyenunuliwa asubuhi hiyo hiyo. Hapo hakuna aliyesema uongo. Sahani ilikuwa ya kwanza kweli, mtu alikula kweli, makofi yalipigwa kweli. Siwema aliwahi kumwambia kaka yake kwamba sahani ile haina maana tena, naye akamjibu kwamba anataka kuwarudisha watu enzi za vibatari. Siwema akarudi jikoni. Alikuwa na kazi nyingi.

Ilikuwapo na desturi ya pili, ya siku ya mwisho. Siku hiyo mgahawa haukuuza. Mji mzima ulialikwa, wakubwa kwa wadogo, na walikula bure jodari mmoja mkubwa aliyetafutwa kwa ajili hiyo tu. Waliita jodari wa kufunga msimu. Siku moja kabla, Bi Mwatime alikuwa akikata mkia wa yule samaki na kuutuma uzungushwe mitaani, watu wauone ukubwa wake na kushangilia. Samaki mwenyewe alikuwa amelala kwenye barafu.

Shekue aliona mkia ni kitu kidogo. Mkia unaonyesha nini? Mwaka huo alikuwa amepata jodari wa kimo cha mtu, hajawahi kuonekana wa namna ile. Akamlaza mzimamzima juu ya mkokoteni uliotandikwa leso mpya, akakodi matarumbeta, naye mwenyewe akatangulia mbele kwa kanzu nyeupe. Walizunguka tangu asubuhi hadi alasiri. Lilikuwa jua lile la kukaribia masika, la kuunguza nyayo. Kila pembe walisimama ili watu wapige picha kwa simu zao, na kila aliyetaka kumgusa alimgusa. Watoto walipandishwa juu ya mkokoteni wakapigwa picha wamemkumbatia. Shekue alirudi nyumbani sauti imemkauka kwa furaha. Ndipo samaki akatiwa kwenye barafu.

Asubuhi ya siku ya karamu Siwema akamkata. Nyama ilikuwa nyekundu, nzuri, na haikuwa na harufu ya kumtisha mtu. Akachoma kipande kidogo, akakitia mdomoni, na ulimi ukaanza kumwasha kama aliyelamba pilipili, na pilipili hakutia. Akakitema. Akamwita kaka yake pembeni, akampa kipande cha pili bila kumwambia kitu. Shekue akatafuna, akaacha kutafuna, akageuka akatema ukutani. Wote wawili ni watoto wa samaki. Walijua kwamba jodari aliyepigwa na jua akifika hapo, moto haumsafishi. Walijua anavyomfanya mtu mzima, na walijua kwa mtoto mdogo ni mbaya zaidi.

Siwema akamwomba. Alimwambia wamzike, wapike wali wa nazi na maharage, watu watawacheka juma moja kisha watasahau. Shekue akamuuliza watu waliompiga picha atawaambia nini. Watu waliomgusa kwa mikono yao atawaambia nini? Akasema jina la nyumba hii litakuwa kichekesho kila mwaka, kila wakifunga msimu, mpaka wajukuu. Kisha akamwagiza atie ukwaju mwingi na pilipili nyingi, ili mtu akisikia mdomo unamwaka aseme leo Siwema kazidisha pilipili. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, akimtazama dada yake kifuani badala ya usoni. Akatoka.

Na Siwema akapika.

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini hakumwaga? Ulizeni tu, na mimi nilijiuliza. Lakini kabla ya kumhukumu, kila mmoja akumbuke sufuria alizozipika mwenyewe kwa sababu mwenye nyumba kasema. Siwema alikuwa amepika chini ya kauli ya mtu maisha yake yote, na mtu wa namna hiyo hajifunzi kumwaga kwa siku moja. Ila alikuwa na wazo lake. Jiko dogo la pembeni hakuliwasha. Pandu alipokuja kumuuliza changu wake yuko wapi, alimwambia leo apumzike. Wazo lake lilikuwa kwamba atamwekea kaka yake sahani kutoka kwenye sufuria ya watu, mbele ya watu, na kaka yake atakataa kuila. Akiikataa, mambo yatakuwa yamekwisha, na hakuna mtoto wa mtu atakayedhurika.

Baada ya sala ya adhuhuri watu wakafurika. Mabenchi yalijaa, waliobaki wakakaa mchangani kwenye mikeka, akina mama na watoto wakiwa mbele kabisa kama ilivyokuwa kawaida. Harufu ya ukwaju na tui ilikuwa imetanda hadi barabarani. Wengine hawakunywa hata chai asubuhi, walikuwa wameacha nafasi. Shekue akasimama akawashukuru kwa msimu, akamtaja marehemu mama yake, watu wakaitikia. Kisha akageuka kumtafuta Pandu, na badala ya Pandu akamwona Siwema anakuja na sahani imejaa, mchuzi unatoa moshi. Akaiweka mbele yake.

"Kaka, leo sahani ni yako."

Watu walipenda sana. Wazee walikumbuka enzi za Bi Mwatime, wakaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Shekue akamtazama dada yake. Katika umati wote ule ni wao wawili tu waliojua wanaangaliana kwa nini. Siwema alikuwa na matumaini, maana alimpenda kaka yake na alidhani anamjua. Alidhani anaogopa kuumwa. Hakujua kwamba wako watu wanaoogopa kuaibika kuliko wanavyoogopa kufa.

Shekue akala. Wala hakumega kipande cha ukubwa wa kucha. Alikula yote, akafuta sahani kwa kidole, akalamba kidole akafumba macho kama Pandu. Watu wakashangilia. Akainua mikono, akasema karibuni, na wahudumu wakashika miiko.

Siwema akahisi ardhi imemtoroka. Akaenda akasimama mbele ya sufuria, akamzuia wa kwanza aliyetaka kupakua. Hakuwahi kusema mbele ya watu maishani mwake, na sauti ilitoka nyembamba.

"Mama alikuwa akingoja."

Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka akasema ni kweli, Bi Mwatime hakuwa akikaribisha mpaka angoje. Mwingine akasema kweli kabisa, na yeye anakumbuka. Miiko ikashushwa. Basi wakangoja, na Shekue akalazimika kuketi mbele yao, uso kwa uso na mji mzima, akatabasamu.

Ndugu zangu, msidhani kungoja ni kitu kidogo. Watoto walianza kulia njaa. Mtu mmoja alinung'unika kwamba dada huyu ana wivu, amengoja siku ya watu ndipo ajionyeshe. Mwingine akacheka. Shekue aliwasikia, akatabasamu zaidi, na chini ya meza mikono yake ilikuwa imeshikana. Ulimi ulimwaka kwanza, halafu midomo. Kisha joto likampanda masikioni. Jasho likamtoka mstari wa nywele, akalifuta akasema leo jua kali, na waliokuwa karibu wakaitikia, kweli leo jua kali. Kichwa kikaanza kumgonga. Shingo ikabadilika rangi ndani ya kola ya kanzu. Alikuwa akihesabu moyoni kwamba chai inachemka upesi, kwamba akijikaza kidogo tu itakuwa imekwisha, atasema karibuni mara ya pili na hapo hakuna atakayemzuia.

Siwema hakumwondolea macho. Hakuwa akimtisha, alikuwa akimwomba. Shekue angeweza kusema wakati ule. Angesema neno moja tu, hata angesingizia barafu, hata angemsingizia dada yake jikoni, na watoto wangekwenda nyumbani salama. Kila pumzi aliyovuta ilikuwa nafasi, na zote alizitumia kutabasamu.

Alikuwa na binti mdogo, Hidaya, mwenye umri wa kuanza chuo cha Kurani. Asubuhi ile, Shekue alipotoka jikoni, alikuwa amepita nyumbani kumwambia mkewe mtoto asitoke leo kwa sababu ya jua. Hakumwambia zaidi. Lakini siku ya kufunga msimu hakuna mtoto wa mji ule anayezuilika ndani, na makofi na shangwe zilisikika hadi uani kwao. Hidaya akapita katikati ya miguu ya watu akafika mbele. Yeye ni mtoto wa nyumba, hakujua kuogopa sufuria yoyote pale. Aliwaona watu wazima wamekaa tu wanatazamana, akazunguka nyuma ya shangazi yake, akachomoa kipande cha nyama kwa vidole, akakipuliza.

Benchi lilianguka. Shekue alikuwa ameshafika. Alimpiga mtoto mkono nyama ikaruka mchangani, akamshika taya, akamtia vidole kinywani, akawa anamfuta ulimi kwa pindo la kanzu yake, na huku akimuuliza kwa sauti ambayo mji ule haukuwahi kuisikia kutoka kwake kama amemeza, amemeza, aseme kweli kama amemeza. Mtoto alikuwa hajamung'unya hata kidogo. Alilia kwa woga, akatikisa kichwa. Shekue akamkumbatia akalia naye.

Alipoinua uso, watu wote walikuwa wamesimama. Mbele yao alikuwa mama mmoja muuza maandazi, mjane, amembeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono, bakuli lao tupu likiwa chini miguuni pao. Yule mama alimtazama Shekue, akatazama ile nyama mchangani, akatazama sufuria. Hakupaza sauti.

"Na hawa wetu, Shekue?"

Shekue uso ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu, akaanguka mchangani, na watu wale wale aliotaka kuwalisha ndio waliombeba hadi zahanati. Wakamchoma sindano, akapona. Waliobaki kila mmoja alimshika mtoto wake mkono akaenda kwake, na hakuna aliyetukana wala kupindua kitu. Hilo lilikuwa zito kuliko matusi. Siwema na Pandu wakachimba shimo refu nyuma ya banda, wakamwaga sufuria yote, wakafukia na kukanyagia ili mbwa wasifukue. Pandu alilia alipokuwa anachimba. Alisema hakujua. Siwema akamwambia yeye alijua, na akapika.

Mtaniuliza kama mgahawa ulifunguliwa tena msimu uliofuata. Sikuwaitia habari za mgahawa. Na yule anayejisemea moyoni kwamba yeye si Shekue, kwa kuwa hajawahi kumlisha mtu sumu, ajue kwamba hata Shekue hakumlisha mtu. Hakuna aliyekula siku ile ila yeye.

Mimi nina swali moja, nanyi mtakwenda nalo nyumbani. Mtu yule alipomwona mwanawe, aliruka, akaangusha benchi, akasahau jina lake na jina la nyumba yake na mji mzima uliokuwa unamtazama. Kumbe aliweza. Basi watoto wote wale walipokuwa wamekaa mbele yake, wana njaa, wanamtazama usoni, ni nini kilichomkalisha benchini?